Mloweke Jana

Ufunguo, tuliambiwa, uko chini ya ndoo ya bluu.
Ndoo zilikuwa tatu, zote za bluu,
na ukungu wa Mufindi umeshuka hadi magotini,
kwa hiyo likizo yetu ilianza kwa kuinama na kupapasa.

Ndani, karatasi ukutani, mwandiko wa kalamu ya wino:
Sahani sita. Vikombe vitano.
Sufuria mbili, moja haina mfuniko.
Kuni ziko nyuma. Mjipikie wenyewe.

Nikacheka. Mimi, muuguzi wa zamu ya usiku,
niliyekalia kiti cha basi tangu Morogoro,
nimekuja kuhamia jiko la mtu mwingine?
"Mjipikie," nikasoma kwa sauti,
nikamtazama Obadia mpaka akaelewa wingi ule una nani.

Kesho yake akavua koti. Akalivaa tena, maana Juni ni Juni.
Akachambua maharage, yale ya njano
aliyopimiwa kwa kopo pale Kibao,
akayaosha kama anaosha mtoto wa jirani,
saa nne asubuhi akainjika.

Saa sita yalikuwa mawe.
Saa nane yalikuwa mawe ya moto.

Vumilia, mtunza nyumba, akaja na maziwa,
akafunua sufuria, akaifunika polepole
kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.
"Huku juu maji yana haraka," akasema.
"Yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha.
Mngeloweka jana."
Obadia akaitafuta jana. Haikuwepo.

Basi tukangoja.

Kungoja ndiyo kazi yangu:
nangoja dripu iishe, nangoja ndugu walete damu,
nangoja daktari aamke.
Kungoja maharage ni kitu kingine.
Hakuna anayekufa.

Kalebi akalisha moto vipande vya msindano
vikalia, vikatema utomvu, naye akavijibu.
Wifi yangu Rozimeri akatoa karata zisizo na malkia wa kopa;
tukamtawaza ganda la parachichi,
na kila mtu akajua malkia yuko mkononi mwa nani,
na bado Rozimeri akashinda kwa wizi.
Dirishani, chai imekatwa sawasawa,
kilima baada ya kilima,
kama vichwa vya wanafunzi siku ya kufungua shule.

Jofrida alikuwa huko nje, juu ya jiwe
ambalo peke yake lina mtandao, na lina siafu.
Miaka kumi na mitano, amenuna tangu Mafinga.
Giza lilipoingia akarudi, akakung'uta soksi,
akaketi kwenye mkeka, akaniegemea.
Hakusema kitu. Sikuuliza kitu.
Mara ya mwisho kichwa hiki kulala begani kwangu
kilikuwa na homa ya malaria.
Nikaomba maharage yasiive.

Yakaiva saa tatu usiku.
Hayakuwa na nazi, chumvi ilizidi,
na sahani ya sita tukampa Vumilia,
aliyekula kimya, akaongeza, akala kimya,
kisha akasema, "Kwa mwanaume wa bondeni, si haba."
Obadia akaitembeza sentensi hiyo nyumba nzima.

Saa nane usiku nikaamka; mwili haujui likizo.
Nikapita na tochi, kama wodini:
Rozimeri, anakoroma. Kalebi, mguu nje ya blanketi.
Jofrida. Obadia hayupo kitandani.

Jikoni makaa yalikuwa bado na jicho moja,
na kando yake bakuli, limefunikwa sahani.
Nikainua: maharage, yamezama majini,
yameanza kuvimba, ngozi zikijikunja.
Mwenyewe amelala kwenye kiti, koti mwilini,
kalamu kidoleni.

Nikamulika ukutani.
Chini ya Mjipikie wenyewe
palikuwa na mstari mpya, umepinda kidogo:
Mloweke jana.